Kikilia, Lala

Kiwanda cha sabuni kilipofunguliwa tena, hakuna aliyewaambia watu wa sokoni kwamba na king'ora nacho kimetengenezwa. Walijua mabati yamebadilishwa, geti limepakwa rangi ya kijani, na vijana wamejipanga foleni wameshika vyeti vyao. Hilo walilifurahia. Nani atakasirika watu wakipata kazi? Lakini king'ora, jamani, kile cha mvuke kilichokuwa juu ya paa la kiwanda, kila mtu alijua kimekufa na kutu siku nyingi. Basi saa sita mchana, soko limefurika, jua limesimama utosini, kikalia.

Mama Mayai alikuwa anampangia mteja mayai kwenye mfuko. Alipokuja kujitambua, alikuwa chini. Tena si chini ya meza yake mwenyewe, la, chini ya meza ya jirani yake wa upande wa pili wa njia, Mama Sufuria, na njia hiyo alikuwa ameivuka kwa tumbo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata pindo la gauni la Mama Sufuria na unalivuta kwa nguvu kuelekea chini, ingawa mwenye gauni naye alishalala kifudifudi zamani, shavu kwenye vumbi, na mfuniko wa sufuria kichwani. Wakatazamana.

Wanawake hawa wawili waliuza wakielekeana tangu soko lijengwe upya, na maneno waliyosemezana miaka yote hiyo ungeyamaliza kabla chai haijapoa. Habari, nzuri, una chenji, asante. Mama Sufuria alikuwa mtu wa ng'ambo ya daraja. Mama Mayai alikuwa mtu wa huku. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi ya hapo. Hata neno lenyewe, vita, watu wa mji huu hawakulitia mdomoni. Walisema "wakati wa mambo," na mgeni akiuliza mambo gani, alitazamwa juu mpaka chini halafu akaulizwa ananunua au hanunui.

King'ora kikanyamaza. Kikafuata kicheko.

Waliocheka walikuwa vijana. Wauza chaji za simu, wabeba mizigo, wasichana waliokuja kutafuta viatu, wote wamesimama wima vilevile walivyokuwa, wengine simu zimeinuliwa, wanakodolea macho kioja: kila mtu mwenye mvi, na kila aliyezipaka rangi kuzificha, yuko chini. Muuza viazi alikuwa nyuma ya magunia yake. Fundi cherehani alikuwa amekumbatia mguu wa meza kama mtoto anayekataa kupelekwa shule. Mwenyekiti wa soko, mtu mzito wa tumbo na wa maneno, alikuwa mtaroni, miguu imebaki nje.

"Lo, wazee wetu!" mbeba mizigo mmoja akapaza sauti. "Mmeangusha nini, tuwasaidie kutafuta?"

Chini ya meza, Mama Sufuria akasema, "Dada, niachie gauni."

"Samahani."

"Hicho king'ora chenu kitatumaliza."

"Chetu?" Mama Mayai akainua kichwa, akajigonga kwenye ubao. "Kilikuwa chenu nyinyi. Mlikipiga kuwaita watu wenu wavuke daraja."

"Sisi? Mama wee! Sisi tukikisikia tunajua mmeshaanza, mabomu yanafuata. Hata mtoto anayetambaa alikuwa anajua. Kikilia, lala."

"Na sisi tuliambiwa hivyohivyo," Mama Mayai akasema. "Kikilia, lala."

Walikuwa wamekaribiana kiasi cha kusikia pumzi.

"Sasa nani alikuwa anakipiga?" Mama Sufuria akauliza.

Mama Mayai akatambaa kurudi nyuma, akatoka, akapangusa magoti, na hapo ndipo alipoiona meza yake. Ilikuwa imelala ubavu. Trei zilikuwa zimemwagika njia nzima, ute umechanganyika na vumbi, viini vinang'aa juani, na mbwa wa muuza nyama ameshafika mezani bila kualikwa. Mteja wake alikuwa ameondoka. Mwenyekiti akatoka mtaroni akijipangusa suruali, akawatazama watu wote kwa ukali, akasema, "Nilikuwa nakagua mtaro. Umeziba." Hakuna mzee aliyembishia.

Mama Mayai akachuchumaa, akaanza kutenganisha yaliyopasuka na yaliyonusurika. Akavunja mengine mawili matatu. Alitamani angalau mtu mmoja asimtazame.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na baraza ya kupikia. Jioni ile binti yake alirudi kutoka chuoni na simu mkononi, akiwa bado hajajua acheke au asicheke.

"Mama, mmesambaa," akasema. "Mji mzima umewaona."

Akamwonyesha. Mama Mayai akajiona yeye mwenyewe, mdogo kama kidole, anavuka njia kwa tumbo, gauni limepanda mpaka mapajani. Chini ya picha watu walikuwa wameandika vichekesho. Binti akaanza kucheka, akaona uso wa mama yake, akakimeza kicheko.

"Lakini si king'ora tu, mama? Ulifikiri nini?"

"Sikufikiri."

"Basi si ungesimama?"

"Chukua bakuli, tenga haya yaliyopasuka," mama akasema. "Leo tunakula mayai. Na kesho."

"Na wiki ijayo," binti akasema, akainamia bakuli. "Haya, ndiyo maisha. Wenzangu chuoni wakikwama wana wajomba wa kuwaomba nauli. Mimi upande wako ni jangwa, mama. Hata mjomba wa kusingizia sina."

"Una baba. Anatosha."

Aliyesemwa akaingia. Watu walimwita Fundi Boila, na jina hilo lilimrudia juzijuzi tu, kwa sababu fundi boila asiye na boila ni mtu anayekaa barazani. Muda mrefu alikuwa amekaa hapo, anafungua redio moja na kuifunga, redio yenyewe wala haikuwa mbovu. Sasa alirudi kila jioni ananukia sabuni. Mke wake aliipenda harufu hiyo. Kila alipoisikia mlangoni moyo wake ulitulia, maana ilikuwa na maana ya kodi ya nyumba na ada ya chuo.

"Baba," Mama Mayai akamwambia, "hebu niambie. Ni mwendawazimu gani pale kwenu aliyekishika kile kitu leo?"

Fundi Boila akamimina maji kwenye beseni, akaanza kunawa. Alinawa mikono iliyokuwa safi tayari, maana mikono ya kiwanda cha sabuni haina uchafu.

"Nakuuliza."

"Si ni baba," binti akasema bila kuinua macho. "King'ora ni cha mvuke, mvuke ni wa boila, boila ni ya baba. Kwani hukujua?"

Maji yakadondoka kwenye beseni. Binti akainua macho, akamtazama huyu, akamtazama yule, akachukua bakuli lake akaenda nalo barazani. Hakuwa mtoto mjinga.

"Ulijua?" Mama Mayai akauliza.

"Meneja aliniambia asubuhi. Saa ya kula, kivute. Nikajisemea utakuwa umezoea. Miaka yote hii."

"Nimezoea! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe umeniletea nyoka mwenyewe. Wewe ulilala?"

"Mimi nilikuwa nimeshika mnyororo wake. Ningelalaje?" Akajifuta mikono kwa shati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Magoti yalitaka."

Akamtazama mume wake. Angeweza kumwonea huruma, lakini hasira ilikuwa imetangulia kuketi. Fundi Boila alijua kila kitu. Alijua habari za kijana mmoja, mdogo wake Mama Mayai, mrefu kuliko umri wake, mpenda kuchungulia. Siku moja king'ora kililia, watu wakalala, yeye akasimama dirishani aone washambuliaji wanatokea wapi. Dada yake akakamata pindo la shati lake, akavuta kwa nguvu zake zote. Shati lilikuja, na vifungo vikaja. Yeye hakuja. Nyumba hii haikuwa na picha yake hata moja, na jina lake halijatajwa humu tangu binti azaliwe. Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo walivyofanya, na ndivyo ilivyofanya nyumba ya jirani, na ya jirani yake.

*

King'ora kililia kesho yake, na kesho kutwa. Mama Mayai alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Alijaribu kujishikilia meza. Alijaribu kuimba. Siku nyingine alifunga biashara mapema akakimbilia nyumbani, wateja wake wa mchana wakahamia kwa muuzaji mwingine, na nyumbani nako kilimkuta akipika, akajikuta uvunguni mwa kitanda na mwiko mkononi. Vijana wa mtaani wakajua saa. Ikikaribia, wanajikusanya kwenye kona ya soko, wengine na simu zao, kuja kuangalia wazee wakilala. Fundi cherehani, mtu wa heshima zake, alichukua mashine yake akahamia mtaa mwingine bila kuaga.

Siku hiyo Mama Sufuria alivuka njia kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kwa miguu miwili.

"Dada, kidole kimoja hakivunji chawa. Twende kwa huyo meneja."

"Mume wangu anafanya kazi pale," Mama Mayai akasema.

"Basi ndiyo vizuri, watatufungulia geti."

Hawakufunguliwa geti. Mlinzi, kijana aliyewaamkia vizuri, aliwauliza kama wana miadi. Hawakuwa nayo. Akawaonyesha benchi juani, wakakaa na mikoba yao mapajani kama watu waliokuja kuomba kazi ya kufagia. Malori yaliingia na kutoka. Mama Sufuria alitoa karanga kwenye mkoba, akamgawia. Wakatafuna, wakitazama ukuta.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe. Aliwapa viti, aliwapa maji ya baridi, aliwaita mama zangu. Alikuwa mtoto mchanga wakati wa mambo, wazazi wake wakamkimbizia nchi ya mbali, na sasa amerudi na shati lililonyooka na nia njema.

"Nawaelewa kabisa," akasema. "Lakini king'ora ni urithi wa mji huu, mama zangu. Nimekitengeneza kwa gharama kubwa. Nilidhani watu watafurahi kukisikia tena."

"Tumefurahi mpaka tumelala," Mama Sufuria akasema.

Meneja akatabasamu kidogo, hakuelewa. "Na kuhusu mambo ya zamani, kumbukumbu ipo. Kuna mnara pale mlimani. Mmewahi kwenda?"

Hawakuwahi. Mnara ulijengwa na wakubwa, wakubwa wakaupandia kwa magari kuuwekea maua, na chini yake wakaandika kwa herufi za shaba: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Shaba ilikwishaibiwa. Mbuzi tu ndio waliokuwa wanapanda kule.

"Sisi hatutaki mnara, baba," Mama Mayai akasema. "Tunataka saa sita ipite bila kutudhalilisha. Piga kengele. Piga hata debe."

Meneja akamtazama kwa makini zaidi. "Samahani, mama. Wewe si ndiye mke wa fundi wetu wa boila?"

"Ndiye mimi."

"Aha." Akaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Fundi ni mtu mzuri. Hanisumbui. Ila, mama yangu, mimi nahitaji fundi ambaye nyumbani kwake kuna amani. Mafundi wapo wengi siku hizi."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kwamba mvua itanyesha. Kisha akawasindikiza mpaka mlangoni na kumpa kila mmoja mche wa sabuni. Mama Sufuria aliutupia kwenye mkoba bila kuutazama. Mama Mayai aliushika mkononi njia nzima. Alikuwa ameingia pale na shida moja, anatoka na mbili.

*

Fundi Boila alizipata habari kabla ya saa ya kutoka. Akafika nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha barazani, kilekile cha miezi ya redio.

"Umenivua nguo mbele ya bosi wangu," akasema.

"Na mimi nimevuliwa nguo kwenye simu za watu. Nimekuuliza?"

"Ungeniambia kwanza kwamba unakwenda."

"Na wewe ungeniambia kwanza kwamba unakivuta."

Hilo likampata. Akainamisha kichwa, akakuna goti. Ndani, binti alikuwa ameacha kugeuza kurasa za kitabu chake, ishara kwamba anasikiliza.

"Basi sema," Fundi Boila akasema mwishoni. "Sema neno moja tu. Ukitaka niache, kesho naacha. Sitakulaumu."

Mama Mayai akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Kisha harufu ya sabuni ikamfikia, na nyuma yake akauona mwaka uliopita wote: mume anayekula kidogo kwa makusudi na kusema ameshiba, mwenye nyumba anayebisha hodi kwa kiatu, binti anayesoma kwa vitabu vya kuazima. Akaona pia meza yake iliyolala ubavu. Alichoka. Alitaka kulia, lakini machozi nayo yana siku zake.

"Usiache," akasema.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Niambie tu. Kabla. Kinachoniua si mlio wake. Kinachoniua ni kule kunijia ghafla, sijui, mikono imejaa mayai. Wakati ule hakuna aliyekuwa anatuambia kabla."

Fundi Boila akainua kichwa kama fundi aliyepewa kifaa mkononi na kuambiwa hakifanyi kazi. Akachora na kidole hewani, bomba linatokea hapa, linapanda hapa.

"Bomba la king'ora linalala na maji ndani," akasema taratibu. "Kabla ya kuvuta lazima niyatoe, la sivyo kinatema mate badala ya kulia. Kuna kikoki pembeni. Ukifungua, mvuke unatoka mweupe. Sasa hivi nautolea uani, haraka haraka. Lakini bomba lile linageuzika. Nikiligeuzia upande wa soko, na nikiliacha wazi kitambo..."

"Utaonekana?"

"Labda uwe kipofu."

"Na meneja?"

"Meneja hajui hata kikoki kiko wapi."

Mama Mayai akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kutu, lakini kilikuwa chake. Ndani, kurasa zikaanza kugeuzwa tena.

*

Kesho yake mchana wingu jeupe lilitokeza juu ya ukuta wa kiwanda, likajitanua, likabaki pale. Mama Mayai aliliona. Akazishusha trei zake chini moja moja, akakunja gauni, akaketi ardhini kwa adabu, miguu ameinyoosha. Akamwita jirani yake kwa mkono. Mama Sufuria hakuuliza. Akatua sufuria aliyokuwa anaisugua, akavuka, akaketi kando yake. King'ora kilipolia, miili yao ilishtuka, lakini haikuwa na pa kuangukia. Walikuwa wameshafika chini.

Siku ya tatu muuza viazi aliwaona akaketi. Siku zilizofuata ikawa desturi. Mtu wa kwanza kuuona mvuke alisema, "Umetoka!" na neno likatembea soko zima, mizani ikawekwa chini, watoto wakavutwa, mwenyekiti wa soko akatandika gazeti lake na kushuka juu yake kwa awamu. Waliketi wa huku na wa ng'ambo, popote palipokuwa na nafasi, maana mvuke haukuwapa muda wa kuchagua jirani. Vijana walikuja na simu zao mara mbili tatu, wakaona hakuna cha kucheka. Watu wameketi tu. Baadhi yao wakaanza kuketi pia, wakisingizia uchovu. Fundi cherehani akarudi na mashine yake, na kama alivyoondoka, hakusema kitu.

Wanawake wawili wa njia ile walizoea kukaa bega kwa bega. Waliulizana habari za watoto, za magoti, za bei ya mahindi ya kulishia kuku. Mama Sufuria alimfundisha kung'arisha sufuria kwa majivu, akasema ile sabuni ya meneja haifai hata kuoshea mbwa. Habari za mambo hawakuzigusa.

Likizo ilipofika, binti alikuja kumsaidia mama yake sokoni. Siku ya kwanza aliona mvuke, akasikia watu wanasema "Umetoka!", na kabla hajauliza, mama alikuwa chini. Binti akabaki amesimama kati ya meza mbili, peke yake, kama mti uliosahauliwa kukatwa.

"Kaa," Mama Sufuria akamwambia.

Akakaa. Kilipolia, mkono wa mama yake ulitambaa ukashika pindo la blauzi yake. Binti aliuangalia mkono ule, vidole vimekakamaa kwa kukaza. Hakuutoa.

Siku chache baadaye, mvuke ukatoka kama kawaida. Soko likaketi. Mama Mayai akashika pindo la binti, akakaza macho, akangoja.

King'ora hakikulia.

Wasichokijua ni kwamba asubuhi ile meneja alikuwa amefunga kengele ya umeme ndani ya kiwanda. Hakufanya hivyo kwa ajili ya wazee. Wateja wake wa jumla walikuwa wamelalamika kwamba wakifika sokoni mchana hawapati mtu wa kumuuzia, wote wamekaa chini. Akamwambia fundi aachane na mnyororo, abaki na boila yake. Fundi Boila akasema sawa bosi. Lakini saa sita ilipofika, mkono wake ulikwenda kwenye kikoki wenyewe, akafungua, akalielekeza bomba sokoni, na akasimama pale akiutazama mvuke unapanda.

Sokoni watu walingoja. Nzi alisikika. Kwa mbali kengele ndogo ililia ndani ya ukuta, wafanyakazi wakaenda kula.

"Mbona hakilii?" binti akanong'ona.

"Ngoja," Mama Sufuria akasema.

Wakangoja. Hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti alitazama saa yake, akafungua mdomo kutangaza jambo, akaufunga. Muuza viazi aliinamia mikono yake. Haijawahi kutokea katika soko lile watu wengi wa rika lile wakakaa pamoja katika kimya kirefu namna ile, bila kitu cha kuogopa wala cha kuuza.

"Dada," Mama Sufuria akasema polepole, macho yakiwa kwenye sufuria zake. "Siku ya kwanza ile, ulinishika gauni. Ulinivuta kweli kweli. Nimetaka kukuuliza siku zote hizi. Ulidhani mimi ni nani?"

Mama Mayai aliutazama mkono wake, ambao bado ulikuwa umeshika blauzi ya binti. Akageuza uso, si kwa Mama Sufuria, bali kwa mtoto wake.

"Ulikuwa na mjomba," akasema.

Binti akamtazama.

"Alikuwa mrefu. Mrefu, mwenye maswali, kama wewe. Alikuwa haambiliki." Sauti ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Shati lake lilikuwa la mistari ya bluu. Nililishona mimi."

Kijana mmoja mteja, aliyekuwa amepita katikati ya watu walioketi bila kuelewa kinachoendelea, akasimama mbele ya meza akagonga ubao kwa funguo zake.

"Mama, mayai bei gani?"

"Baba, kaa chini kidogo," Mama Sufuria akamwambia, akimsogezea mfuniko mkubwa wa sufuria wa kukalia. "Mama anaongea."